Sarafu ya Kwanza Ilifutwa kwa Shati: Uchambuzi wa Kisa cha Kitita cha Fedha Kilichofukuliwa Shambani

Kisa hiki nakijua kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa simu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha watu wapya kutumia kitambua metali, mashine ambayo wengi wetu tunaiita ditekta, na mmoja wao alinipigia asubuhi moja akiwa amepiga magoti kando ya shimo. Nakiandika kwa idhini yake na ya mwenye shamba. Nchi, eneo, majina na alama za mahali nimeziondoa. Idadi ya sarafu, kina cha shimo na mfuatano wa mambo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana ndivyo vinavyofundisha. Yeye nitamwita Mtafutaji, na mwenye shamba nitamwita Mama, kama alivyoitwa na kila mtu aliyefika pale.

Usuli

Mtafutaji alikuwa na mwaka mmoja na nusu katika kazi hii ya mapumziko. Alikuwa ameshatoa misumari, vifuniko vya chupa, risasi kuukuu na vijisenti vingi vya shaba. Sarafu ya fedha hakuwa ameiona bado, na hilo ni muhimu kulikumbuka katika kupima alichokifanya baadaye. Mtu ambaye ametamani kitu kwa miezi kumi na minane hakipokei kwa mikono iliyotulia.

Mashine yake ilikuwa ya kawaida, ya masafa ya chini, yenye koili ya sentimita 28. Kwa wasiojua namna inavyofanya kazi: koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukikutana na metali ardhini huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake unaorudi kwenye koili. Mashine husoma jinsi jibu hilo lilivyochelewa na kulipa namba. Hakuna metali inayopitisha umeme kuliko fedha. Shaba huifuata kwa karibu, dhahabu ni ya tatu. Kwa hiyo sarafu kubwa ya fedha hupiga sauti ya juu na safi, na namba yake husimama karibu na kilele cha skrini. Kopo la alumini lililopondwa nalo hupanda huko huko, ndiyo sababu hakuna anayeweza kuapa kwa namba peke yake.

Shamba lilikuwa la Mama, mjane mwenye umri wa makamo aliyeachiwa na mumewe. Lilikuwa limepumzishwa misimu miwili. Mtafutaji aliomba ruhusa mlangoni, kwa heshima, na Mama alimkubalia bila masharti mengi.

"Tafuta, mwanangu, ila mashimo yako uyafukie. Nina ng'ombe hapa, sitaki avunjike mguu."

"Nitayafukia, Mama. Na nikipata kitu?"

"Ukipata tutagawana."

Basi. Tutagawana nini, nusu kwa nusu au vinginevyo, na je, vyombo vya kale vimo au havimo, na ndugu wengine wenye sauti juu ya ardhi ile ni akina nani, hakuna aliyeuliza. Siku hiyo neno lile lilitosha kabisa. Miezi mitatu baadaye lilikuwa limezaa ugomvi.

Yaliyotokea

Alianza saa mbili asubuhi. Kabla ya saa nne alipata ishara iliyomsimamisha: sauti ya kengele, namba ikicheza kati ya 88 na 91, na haikubadilika alipozunguka na kuipitia kutoka upande mwingine. Msumari mrefu uliopinda unaweza kujifanya fedha ukipitiwa kutoka upande mmoja, lakini ukiupitia kutoka upande wa pili sauti hukatika. Hii haikukatika.

Alikata kipande cha udongo cha mviringo, akakigeuza vizuri, akaingiza kielekezi chake kidogo cha mkononi. Kwenye sentimita 18 ilikuwamo sarafu moja kubwa, pana kama sentimita nne, imefunikwa na ganda lenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Aliisugua kwa dole gumba. Kisha, kwa maneno yake mwenyewe, "bila hata kufikiri", alikunja pindo la shati na kuifuta pande zote mbili mpaka uso wa mwanamke mwenye ushungi ukatokea, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780.

Akaiweka kiganjani akaipiga picha. Akaituma kwenye kundi la simu la watafutaji wenzake. Nyuma ya kiganja kwenye picha ile kulionekana mti mmoja mkubwa uliogawanyika matawi mawili, na tangi la maji. Wenzake wakajibu kwa shangwe, na mmoja akaandika: "Mwaka 1780! Hazina ya miaka mia mbili na zaidi hiyo."

Alirudi shimoni. Mashine ilikuwa bado inalia, tena kwa upana zaidi. Akapanua shimo kwa haraka kuelekea upande wa sauti, na kwa muda wa dakika ishirini akatoa nyingine tano. Zilitoka moja moja, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kwa ubavu. Alizitia mfukoni pamoja na misumari miwili aliyokuwa ameiokota asubuhi. Hakupima kitu. Hakuandika ipi ilitoka wapi.

Ya saba hakuitoa. Aliposafisha ukuta wa shimo kwa kidole aliona ukingo wake umejitokeza kama mwezi mwandamo, na nyuma yake ukingo mwingine, na mwingine, zimeshikamana na udongo wa kijani uliokuwa mgumu kuliko udongo wa pembeni. Hapo ndipo alipokaa chini na kunipigia.

"Mwalimu, zimepangwa."

"Zimepangwaje?"

"Ubavu kwa ubavu. Kama biskuti ndani ya pakiti. Nizitoe?"

Nilimwambia aondoe mikono.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na ulio mkubwa kuliko yote, ulikuwa kuacha kuchimba. Haukuwa mwepesi, na sitaki mtu asome hapa akadhani Mtafutaji alikubali mara moja. Alinipa hoja ya maana: shamba halina ukuta, jua litazama, na picha imeshatoka. Ukiziacha ardhini usiku kucha huenda asubuhi ukakuta shimo tupu. Upande wa pili nilikuwa na hoja moja tu, kwamba sarafu zilizopangwa zimewekwa na mkono wa mtu, na namna zilivyokaa ndiyo barua pekee aliyoiacha mtu huyo. Ukizitoa utakuwa na fedha, lakini barua umeichana.

Tulielewana hivi. Angepiga picha shimo kutoka juu na kutoka ubavuni akiweka rula ndani yake. Angepima umbali kutoka vitu viwili visivyohama, ili mahali paweze kupatikana tena hata pasipo alama. Angefunika ukingo ule kwa kitambaa kilicholowana kidogo, juu yake karatasi ya nailoni, kisha arudishe udongo. Halafu aende kwa Mama kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote.

Kuhusu ulinzi, jawabu lilitoka kwa Mama mwenyewe, na lilizidi lolote ambalo mimi ningelifikiria. Alisikiliza, akatazama ardhi iliyochimbwa, akasema: "Mahali palipochimbwa huonekana. Palipomwagwa samadi nani atapashangaa?" Wakamwaga toroli mbili juu ya shimo, na nyingine tatu sehemu tatu tofauti za shamba, ili rundo lile lisiwe peke yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutozisafisha zile sita. Jioni ile alikuwa na mtu nyumbani aliyemshauri azitie kwenye maji ya limau, au azifunge kwa karatasi ya alumini ndani ya maji moto yenye magadi ya kupikia. Njia hii ya pili hung'arisha vijiko kwelikweli. Kwa sarafu iliyolala ardhini ni hatari, na sababu yake imo ndani ya sarafu yenyewe. Reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, kama Waswahili wa zamani walivyoiita sarafu hiyo kubwa, ina fedha sehemu 833 katika 1,000. Zilizobaki ni shaba. Ardhini shaba ndiyo inayotangulia kuoza, ikatoka juu na kufanya ganda la kijani. Ndani ya ganda hilo hukamatwa chochote kilichokuwa kimeigusa sarafu. Asidi huliyeyusha ganda zima pamoja na vilivyomo na kuacha uso wenye vishimo kama ulioliwa na wadudu. Na kusugua? Chembe za mchanga ni ngumu mara mbili na zaidi ya fedha katika kipimo cha ugumu wa madini: mchanga wa kwazi ni 7, fedha haifiki 3. Kila unapofuta sarafu yenye mchanga unaipiga msasa.

Nilimwambia azitenganishe, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, udongo wake ukiwa juu yake, na aandike namba kwa mpangilio ambao angeweza kuukumbuka. Aliweza kuwa na uhakika na namba 1 na namba 2 tu. Vifuko laini vya plastiki nilimkataza, kwa sababu vile vyenye PVC hutoa asidi yenye klorini taratibu na kuacha utando wa kijani unaonata juu ya sarafu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutoa taarifa siku ile ile kwa idara inayoshughulikia mambo ya kale. Hapa sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mtafutaji ana wajibu wa kuijua ya kwake kabla hajawasha mashine. Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria ya mwaka 1996 sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizopatikana pamoja, zikiwa na umri wa miaka 300 au zaidi, ni hazina inayopaswa kutolewa taarifa ndani ya siku 14. Ufaransa na Ireland zinadai kibali kabla hata ya kutafuta vitu vya kale kwa mashine. Ziko nchi ambako kila kilicho chini ya ardhi na kimepita umri fulani ni mali ya umma. Katika kisa hiki ruhusa ya mwenye shamba ilitosha kutafuta, lakini haikutosha kuchukua.

Uamuzi wa nne haukufanyika, nao ni kuandika makubaliano. Siku ile Mama na Mtafutaji walikuwa wameketi pamoja, wakiaminiana, kabla ya mtu wa tatu kuingia. Karatasi moja yenye mistari minne ingetosha. Mimi niliyekuwa kwenye simu sikulikumbusha jambo hilo, na hilo nalibeba.

Matokeo

Usiku wa pili watu waliingia shambani. Asubuhi yalikutwa mashimo tisa, yote yamezunguka mti wenye matawi mawili, upande ule ule ambao picha ilionyesha. Hakuna aliyegusa samadi. Nani aliingia hakujulikana, na sitamshuku mtu hapa.

Siku ya tatu walifika wataalamu wawili. Hawakutoa sarafu moja moja. Walichimba kuzunguka kitita mpaka kikabaki kama kisiki cha udongo, wakakifunga kwa bendeji za plasta, wakakikata chini na kukiinua kizima. Bonge hilo lilipigwa eksirei kabla ya kufunguliwa, na picha ikaonyesha sarafu 21 katika safu moja iliyoinama kidogo upande mmoja: 17 kubwa na nne ndogo, zile ndogo zikiwa pamoja kwenye ncha iliyoingia ndani zaidi. Pamoja na sita za Mtafutaji jumla ikawa 27.

Lilipofunguliwa, kwenye ganda la kijani la sarafu za pembeni ilionekana chapa ya kitambaa. Nilionyeshwa mojawapo chini ya kioo cha kukuzia. Nyuzi zilikuwa zimepishana moja juu moja chini, nyembamba, na mahali pamoja zilijikusanya mikunjo mikunjo kama pale kitambaa kinapobanwa ili kifungwe fundo. Chumvi za shaba huwaua vijidudu ambavyo kwa kawaida hula pamba na kitani, kwa hiyo uzi unaogusana na shaba inayooza unaweza kudumu pale ambapo nguo yote iliyobaki imekwisha kuwa udongo. Mtu alizihesabu sarafu zake, akazipanga, akazizungushia kitambaa, akafunga fundo. Nilibaki nimeinama juu ya kioo kile muda mrefu.

Idara iliuhifadhi mzigo wote kama kitu kimoja na kuamua kutoa zawadi kwa aliyezipata na mwenye ardhi. Malipo yalichelewa, na aliyechelewesha hakuwa karani yeyote. Shemeji yake Mama, aliyeishi mbali, alisikia habari na kudai kuwa sarafu zilikuwa za babu yao, hivyo ni urithi wa ukoo na mjane hana haki ya kugawana na mgeni. Vikao vya familia vilichukua miezi. Mwishowe waliandikiana: nusu kwa Mtafutaji, nusu kwa Mama, na Mama kwa hiari yake akatoa sehemu ya nusu yake kwa watoto wa shemeji.

Uchambuzi: mwaka ulioandikwa na mwaka wa kuzikwa

Nianze na kosa ambalo halikumdhuru mtu ila ni la kawaida mno, na ndilo lenye mafunzo mengi. Kundi zima la simu liliamini kuwa hazina ilizikwa karibu na mwaka 1780, kwa sababu sarafu ilisema hivyo.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni, Uhabeshi na pwani za Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea sura yake na uzito wa sarafu yake, gramu 28 na kidogo, na waliikataa yenye sura nyingine. Basi ikaendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule, si Vienna tu bali baadaye na Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Hadi leo Vienna huipiga, na bado inaandikwa 1780. Kwa hiyo mtu akikuonyesha reale ya 1780 umejua kwamba haikutengenezwa kabla ya hapo, na basi.

Zile nne ndogo zilikuwa rupia za fedha za Uhindi wa Kiingereza, gramu 11.66 kila moja. Tatu zilikuwa za mwaka 1862. Hapo tena mtego: rupia za 1862 nazo ziliendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, hadi 1874. Ni ile ya nne iliyofungua jambo. Juu yake Victoria, malkia wa Uingereza, anaitwa kaizari, cheo kilichoanza kuonekana kwenye sarafu mwaka 1877, na tarehe yake ni 1885. Kitita huwa na umri wa sarafu yake changa kuliko zote. Kilizikwa mwaka 1885 au baada yake, na kwa kuwa nywele za Victoria kwenye rupia ile zilikuwa bado na ukali wake, haikuwa imezunguka mikononi muda mrefu.

Miaka mia moja na zaidi ikaondoka kwenye hadithi kwa sababu ya sarafu moja iliyokuwa mwisho wa safu. Kama Mtafutaji angevuta zote kwa haraka na rupia zile zikachanganyika mfukoni na vijisenti vingine vya shambani, hakuna ambaye angeweza kusema kwa hakika kuwa zilikuwa za kitita.

Jambo hili lilizaa matunda hata kwenye ugomvi wa familia. Shemeji alidai kuwa babu alizizika zamani sana, "enzi za 1780 hizo". Tarehe mpya ilipotolewa, na ukoo ukakumbushana ni lini hasa ulipata ardhi ile, dai lilipoa. Halikufa, lakini lilipoa vya kutosha watu kuketi meza moja.

Uchambuzi: kusimama kwenye ya saba

Mwaka 1992 huko Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikwenda na mashine yake kumtafutia mkulima nyundo iliyopotea. Akakuta fedha. Alitoa kiasi, kisha akaona ukubwa wa jambo, akaacha na kutoa taarifa, na wanaakiolojia wakachimba. Zilikuwamo sarafu zaidi ya 14,000 za fedha, mamia ya za dhahabu, na vyombo. Kwa kuwa vingi vilikutwa mahali pake, ilijulikana kuwa vilipangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo lenyewe lilikuwa limeshaoza. Nyundo nayo ilipatikana, na imo kwenye makumbusho ya British Museum.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Mwaka 2010, huko Frome, Uingereza pia, mtafutaji Dave Crisp alifika kwenye mdomo wa chungu na kuacha. Chungu kilikuwa na sarafu 52,503. Wachimbaji walizitoa tabaka kwa tabaka, na wakakuta kundi kubwa la sarafu za mtawala wa karibuni zaidi liko chini, si juu. Kama chungu kingekuwa kibubu cha kuongezea kidogo kidogo kwa miaka, changa zingekuwa juu. Hitimisho lao likawa kwamba kilijazwa kwa mara moja. Sentensi hiyo moja ya historia isingekuwapo kama angekimimina chungu kwenye ndoo.

Mtafutaji wetu alikuwa na kitita cha sarafu 27 tu, lakini mantiki ni ile ile. Kilichomsimamisha hakikuwa elimu yangu. Alisema aliona mpangilio na akapata haya, kana kwamba amefungua mlango wa chumba cha mtu. Nawaambia wanafunzi sasa: sarafu moja ni kitu kilichoanguka, mbili kwenye shimo moja ni sababu ya kuinua mkono. Yeye aliinua kwenye ya saba. Tano zilizotoka baada ya ya kwanza zilipoteza nafasi zao, na swali la kama ncha ya juu ya safu iliharibiwa na jembe la trekta au na koleo lake halitajibiwa.

Uchambuzi: picha, na neno moja la ruhusa

Picha ilipigwa kwa furaha safi. Sina moyo wa kumlaumu mtu kwa kutaka wenzake wafurahi naye. Lakini mti na tangi vilitosha kwa yeyote anayeijua njia ile. Kiganja, sarafu, na kitambaa cheupe nyuma yake vingetoa furaha ile ile. Bora zaidi, picha ingesubiri siku tatu. Kumbuka pia kuwa simu nyingi huandika mahali ndani ya faili la picha lenyewe, kwa hiyo kukata mti kwenye picha hakutoshi iwapo faili litapita mikononi likiwa zima.

Kuhusu "tutagawana", nilichojifunza ni kwamba tatizo halikuwa kati ya wale wawili waliolisema. Mama hakugeuka hata siku moja. Neno la mdomo lilikuwa imara kwao, ila halikuweza kumjibu mtu ambaye hakuwapo. Siku hizi nawapa wanafunzi karatasi fupi yenye mambo haya: nani ana haki juu ya ardhi, mashimo yatafukiwaje, kila kipatikanacho kitaonyeshwa siku ile ile, vya kale vitapelekwa panapohusika, na zawadi ikitolewa itagawanywa vipi. Husainiwa kabla mashine haijawashwa. Wapo wanaoona aibu kumwekea mzee karatasi mbele yake. Mama, nilipomwonyesha, aliisoma yote na kusema ingemwokoa vikao sita.

Bahasha namba 1

Mwezi mmoja baada ya bonge kufunguliwa, mtaalamu wa uhifadhi alimwita Mtafutaji azione zote 27 zikiwa zimepangwa kwenye trei kwa mfuatano wake. Alimuuliza kama anakumbuka ya kwanza ilikuwa na nini juu yake kabla hajaifuta, maana ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, na fundo la kitambaa kwa kawaida hukaa juu. Alifikiri sana. Alisema anakumbuka ganda lilikuwa na mistari mistari, akadhani ni mizizi.

Ile moja ndiyo inayong'aa kwenye trei.